Kabla hujapanda Kitonga: kwa wewe unayekuja fildi kwenye kituo cha kutunza ndege wa porini, Iringa

Basi likishavuka Ruaha Mbuyuni, pale vitunguu vinapopangwa kando ya lami karibu na mibuyu, dereva hushusha gia na kuanza kupanda Kitonga. Toa sweta kwenye begi hapo hapo. Mimi yangu ilikuwa chini kwenye buti la basi, kwa sababu nimezaliwa Tanga, Chumbageni, na sikuwa nimewahi kuishi mahali ambapo mtu akiongea asubuhi unaona pumzi yake. Nilishuka stendi ya Igumbilo saa mbili usiku, mwezi wa sita, miguuni kandambili. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake haina utani na mtu wa pwani.

Nakuandikia wewe mdogo wangu uliyepata barua ya kukubaliwa utarajali kwenye kituo kinachotunza ndege waliojeruhiwa na kufuatilia walioko porini. Nilipofika nilidhani nina mambo mawili ya kushughulikia: kazi ya kituoni, na kuzoea mji. Miezi mitatu ikapita ndipo nikaelewa kwamba ni jambo moja. Kila ndege aliyetufikia akiwa hai aliletwa na mtu fulani wa mjini au kijijini, na mtu hapandi kilima na boksi mkononi kumpelekea mgeni asiyemjua. Kwa hiyo nitachanganya habari za chumba, soko na bundi kwa pamoja, kama zilivyonijia mimi.

Barua na begi

Kama bado unaomba nafasi, usiandike kwamba unapenda sana ndege. Kila mwombaji anaandika hivyo. Andika mikono yako inajua nini. Mimi niliandika kwamba nimekulia kwenye nyumba yenye bata na kuku na najua kumshika ndege bila kumvunja bawa. Msimamizi aliniambia baadaye kwamba sentensi hiyo ndiyo iliyomfanya anipigie simu. Unajua kupiga msumari? Kushona wavu? Kuendesha pikipiki kwenye vumbi? Unazungumza Kihehe, Kisangu au Kidatoga? Hayo ndiyo ya kuandika.

Kabla ya kusema ndiyo, uliza mambo manne, tena kwa maandishi: kuna posho au hakuna, malazi ni juu ya nani, nani atakusimamia na kusaini daftari lako la chuo, na ukiumia nani analipa hospitali. Kuuliza si utovu wa adabu. Na kama chuo kinataka ukusanye takwimu zako mwenyewe za utafiti, anza mapema habari ya kibali cha TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, maana kumkamata ndege wa porini, hata kwa kumpima tu na kumwachia, kunahitaji ruhusa. Wasimamizi wazuri hawatakuruhusu uguse wavu bila karatasi hiyo.

Mizigo: kitambulisho cha NIDA, picha ndogo sita, kadi ya bima, cheti cha chanjo ya pepopunda. Gumbuti. Tochi ya kuvaa kichwani. Nguo za rangi ya majani makavu, si nyeupe wala nyekundu. Daftari la jalada gumu na penseli, kwa sababu wino hutiririka mvua ikinyesha na penseli haitiririki. Ukipata darubini ya kununua au kuazima, chagua yenye namba 8x42, yaani inayokuza mara 8 na vioo vya mbele vya milimita 42. Wengi hukimbilia zinazokuza zaidi, lakini kadiri inavyokuza ndivyo mtetemo wa mkono unavyokuzwa nao, na ndege anakuwa anachezacheza tu machoni. Kama utatumia programu ya Merlin ya kutambulia ndege kwenye simu, pakua kifurushi cha ndege ukiwa mjini. Ukishaelekea Pawaga au Idodi mtandao unakuja na kuondoka.

Chumba, na jiko la mkaa

Usilipe chumba ukiwa Dar au Tanga kwa picha za dalali. Fikia gesti siku mbili tatu, tembea kwa miguu, kisha uamue. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mitatu ukiomba kwa heshima na ukawa na barua ya kituo mkononi. Dalali naye huchukua chake, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo iweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Uliza kama LUKU ni yako peke yako au mnachangia, kwa sababu mita ya pamoja ndiyo inayogombanisha wapangaji kuliko choo. Fungua bomba uone maji yanatoka, na uliza siku za mgao. Kisha simama mlangoni utazame kilima. Iringa imejengwa juu ya mabonde na miinuko, na chumba cha bei nzuri chini Ipogolo kinaweza kukugharimu nauli ya bajaji kila alfajiri kama kazi yako iko juu. Mimi nilipata Kihesa, kwenye uwanja wenye vyumba vitano na mparachichi katikati.

Wiki ya kwanza nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Beba barua. Mwenyekiti atakuuliza unatoka wapi, umekuja kufanya nini, unakaa kwa nani. Jibu vizuri, maana ndiye atakayeulizwa siku watu wakimwona mgeni anazunguka vichakani na darubini saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa nisikilize sana kwenye hili. Baridi ikikubana, usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya mkaa unaowaka haina harufu ya kukuamsha. Unalewa usingizini na huamki. Kila kipupwe habari za namna hiyo zinasikika. Nunua blanketi zito la mtumba, vaa soksi mbili, kunywa chai ya tangawizi, jaza chupa maji ya moto uilaze miguuni. Jiko libaki nje.

Bundi na mama mwenye nyumba

Siku ya tatu mama mwenye nyumba aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia natunza ndege. Akafurahi, akauliza kama ni kuku wa mayai. Nikasema hapana mama, ni mwewe, tai, korongo, na bundi. Alinyamaza akaendelea kuchambua maharage yake. Kesho yake akaniita pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wapangaji wana wasiwasi, kwamba bundi akilia juu ya paa mtu hufa, na kwamba mimi nitawaletea mambo nyumbani.

Utakutana na hili, hata kama kwenu mmeshaacha kuliamini. Usicheke, wala usihubiri. Mwanamke yule aliwahi kuzika mtoto, na usiku wa msiba ule bundi alilia. Ningemwambia nini kuhusu sayansi? Nilichofanya ni kuacha nguo zote za kazi kituoni na kurudi nyumbani nimevaa nyingine, jambo ambalo ni la lazima hata kwa sababu za magonjwa. Halafu nikamuuliza habari za panya. Alikuwa na magunia saba ya mahindi kwenye chumba cha nyuma, na panya walikuwa wanamfilisi.

Wiki iliyofuata nilimletea kidonge cha bundi kwenye karatasi. Bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo humeza panya mzima, kisha tumbo lake husokota manyoya na mifupa kuwa donge na kulitapika. Likiwa bichi ni jeusi linalong'aa kama limepakwa vanishi, ukubwa wa dole gumba. Tulikaa chini ya mparachichi, nimevaa glavu, nikaliloweka kwenye kisahani na kulifungua taratibu kwa sindano ya kushonea. Kwanza manyoya ya kijivu, kama pamba chafu. Kisha mbavu nyembamba kama uzi. Kisha fuvu dogo, na meno yake mawili ya mbele ya rangi ya chungwa bado yamekaa sawasawa. Nikatoa la pili. La tatu alilitoa yeye mwenyewe kwa kijiti cha kiberiti, na la nne pia. Akayapanga mstari kwenye karatasi.

"Hawa wote ni wa siku moja?"

"Usiku mmoja, mama."

Akayatazama muda. "Kumbe anakula wezi wangu."

Hakusema zaidi ya hapo, na sidhani kama hofu yake iliisha. Lakini mwezi wa tisa ndiye aliyemzuia kijana wa jirani asimpige mawe bundi aliyetua kwenye nguzo ya umeme, akanipigia simu nikiwa kazini. Kuanzia hapo mtaa wote ulijua namba yangu.

Na hapo kuna jambo la kiufundi. Ukishaanza kueleza watu kwamba bundi anakula panya, watakuletea panya. Pokea wa mtego tu. Panya aliyekufa kwa sumu akiliwa na bundi, sumu ile inaendelea na kazi yake ndani ya bundi. Ukiwa na shaka, mchome moto.

Kazi yenyewe

Siku inaanza saa kumi na mbili asubuhi na mzani. Mzani wa jikoni wa gramu unatosha. Kila mgonjwa apimwe saa ile ile, kabla ya kula, na uandike hapo hapo. Usitegemee macho, kwa sababu ndege wa porini huficha ugonjwa mpaka siku anapoanguka, manyoya yakiwa yamekaa vizuri na jicho likiwa kali. Gramu 20 kwako si kitu. Kwa bundi wa gramu 300 ni kama mtu wa kilo 60 kupungua kilo 4. Pitisha na kidole katikati ya kifua: mfupa wa kidari ukiwa mkali kama kisu, ana njaa ya siku nyingi.

Kumshika. Kwa mwewe, kipanga, tai na bundi, silaha ni kucha, mdomo haukutishi sana. Mtupie taulo juu ya kichwa kwanza, maana giza humtuliza, kisha kamata miguu yote miwili na kubana mabawa mwilini kwa mkono wa pili. Korongo na yangeyange ni kinyume chake, mdomo ndio hatari na unalenga jicho, kwa hiyo vaa miwani na ushike shingo karibu na kichwa kabla ya kitu kingine. Tumbusi hung'ata nyama ikatoka, na akiogopa anakutapikia. Simama pembeni yake, usisimame mbele. Na yeyote uliyemshika, usimbane kifua. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Kifua chake kisipotanuka hapati hewa, na anaweza kukufia mikononi huku ukidhani ametulia.

Kwa watu wanaotuletea, maneno ni machache na nilichoka kwa kuyarudia mpaka nikayaandika kwenye maboksi yenyewe. Boksi lenye matundu, kitambaa chini, giza, mahali penye joto, kimya. Usimpe maziwa. Usimpe mkate. Usimmiminie maji mdomoni, tundu la pumzi liko pale pale kwenye ulimi na maji yataingia mapafuni. Usimfungulie kila dakika kumwonyesha mtoto. Na kama ni kinda mwenye manyoya tayari anarukaruka chini ya mti, mara nyingi hajatupwa. Wazazi wake wapo karibu, wanakusubiri uondoke. Mpandishe kwenye tawi, ondoka.

Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha Kihesa niliwapa maboksi ya viatu niliyoyatoboa, matatu, wayaweke kwa fundi viatu aliye karibu nao. Mwezi huo huo walileta ndege mdogo aitwaye chozi aliyegonga kioo na mwewe aliyenaswa na uzi wa kishada. Chozi alikuwa amezimia tu. Alipumzika saa moja gizani, nikafungua boksi, akaondoka.

Usafi sitaurefusha, ila usiudharau. Ndoo ya dawa mlangoni, kanyaga kila unapoingia na kutoka. Wenyeji wako wana kuku, na ukiwapelekea mdondo kwa viatu vyako umemaliza heshima yako na mboga yao kwa wiki moja. Washauri wachanje. Chanjo ya mdondo ipo kwenye maduka ya dawa za mifugo na si ghali.

Tumbusi, na nyumba za wafugaji

Siku za kutoka mjini ndizo utakazozikumbuka. Kutoka Iringa hadi ndani ya Hifadhi ya Ruaha ni kama kilomita 130, na njiani unapita Idodi na Tungamalenga, vijiji ambavyo ng'ombe wa watu na simba wa hifadhi wanajuana kwa karibu mno. Ruaha ina zaidi ya aina 570 za ndege, na wageni hupenda kuonyeshwa hondohondo na kwezi. Sisi tulikuwa tunatazama juu kutafuta tumbusi.

Elewa hesabu yake. Tumbusi mgongo mweupe huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka mitano hivi, hutaga yai moja tu kwa msimu, na kinda hukaa kiotani miezi minne. Ni ndege anayeishi kwa subira. Sasa mfugaji ameuliwa ng'ombe na simba, ana uchungu, anamwaga dawa ya wadudu ya shambani kwenye mzoga ili simba akirudi afe. Tumbusi hutafuta chakula kwa macho. Mmoja akishuka, wengine wanamwona kutoka mbali na kumfuata, na hao wanaonwa na wengine. Ndiyo maana mzoga mmoja unaweza kumaliza kundi la eneo zima. Februari 2018, pembezoni mwa Ruaha, walikutwa simba 6 na tumbusi 74 wamekufa kwa kinachoshukiwa kuwa sumu. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi ya yai moja moja mpaka 74 warudi. Tangu mwaka 2015 tumbusi huyu amewekwa kwenye daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini.

Ukikuta mizoga mingi mahali pamoja, hasa nzi nao wakiwa wamekufa, usiguse. Baadhi ya sumu hizo hupita kwenye ngozi. Zuia mbwa na mifugo, piga picha, andika mahali, pigia askari wa wanyamapori na msimamizi wako. Usianze kuuliza nani kafanya. Hiyo si kazi yako, na siku hiyo hiyo utakuwa umefunga milango ya kijiji kizima.

Kazi yako inakuwa kabla ya hapo. Ukifika kwenye boma la mfugaji, kubali kiti, kubali maziwa, uliza ng'ombe. Mzee mmoja wa Kibarabaigi alinisimulia ng'ombe wake aliyeuawa kwa karibu saa nzima: rangi, pembe, mama yake alikuwa nani, alinunuliwa kwa mbuzi wangapi. Mimi nilikuwa na karatasi ya maswali kumi na mbili mkononi. Sikuuliza hata moja. Mwishoni yeye ndiye aliyeniuliza kwa nini siku hizi tumbusi hawashuki kwenye mzoga kama zamani, kwamba mizoga inakaa na kunuka, na mbwa wamezidi. Alikuwa ameshaona kila kitu nilichokuja kumwambia. Gari letu lilipokuwa linaondoka alikuwa anauliza wenzake habari za kuimarisha zizi kwa waya.

Kuhesabu, na miguu kwenye sufuria

Januari huwa na hesabu ya ndege wa majini Afrika nzima, na ukiwa na bahati utapelekwa bwawa la Mtera au pembezoni mwa Usangu. Jizoeze kabla: mwaga mchele kiganjani, utawanye mezani, kadiria, kisha hesabu. Kundi kubwa huhesabiwa kumi kumi, jicho linajifunza kumi ni upana gani halafu unapiga hatua nazo. Kila mstari wa daftari uwe na tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, aina, idadi na jina la aliyehesabu. Ukikosa kumtambua ndege, andika "sikumtambua" na umchore. Hesabu yenye jina la kubahatisha ni mbaya kuliko hesabu yenye pengo.

Mtafute korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu. Aliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 2012, kwa sababu ya kuuzwa akiwa kinda na ya mabonde kugeuzwa mashamba. Ndege wengi wa ukoo wake hawatui mtini. Huyu ana kidole cha nyuma cha kushikilia tawi, na jioni utamwona juu ya mti mkavu, mume na mke, taji likiwa limewaka jua.

Halafu kuna habari ya kwale wa Udzungwa, ambayo napenda uiweke kichwani unapoenda vijijini Kilolo. Mwaka 1991 watafiti walikuwa kambini kwenye misitu ya milima ya Udzungwa. Wakala mchuzi, wakaona miguu ya ajabu kwenye sufuria. Haikuwa ya kuku wala ya kwale yeyote wanayemjua. Mwaka 1994 ndege yule akaandikwa rasmi kama aina mpya kabisa, na wanaomfanania zaidi wako misitu ya Asia. Watu wa msituni walikuwa wakimla miaka yote. Kwa hiyo ukifika kijiji, kabla ya kufungua kitabu cha picha, kaa jikoni. Uliza anayepika anawajua ndege gani, wana ladha gani, siku hizi wanapatikana au wamepungua. Utajaza daftari.

Mji

Salimia. Iringa mtu akipita bila salamu anaonekana ana neno moyoni. Shikamoo kwa kila aliyekuzidi, na ukijifunza "kamwene" ya Kihehe utaona uso wa muuza nyanya unavyofunguka. Wenyeji ni wapole na hawakimbilii urafiki, usidhani wanakuchukia. Wanakutazama kwanza. Mimi wiki sita nilikula peke yangu, na Jumapili zilikuwa ndefu kuliko siku zote nilizowahi kuishi. Kilichonitoa ni kuchagua sehemu tatu na kutozibadilisha: mama lishe mmoja, duka moja, kijiwe kimoja. Nenda kila siku, hata kama kwa jirani chapati ni kubwa zaidi.

Soko Kuu nenda asubuhi kwa mboga na viazi, na mitumba ichague kabla jua halijakaa juu, masweta mazuri yanawahiwa. Ulanzi, pombe ya mianzi, ni wa msimu wa mvua, ukiwa mbichi ni mtamu na ukilala una nguvu. Onja kwa aliyekukaribisha, usinywe ukiwa na zamu. Jioni moja panda jiwe la Gangilonga. Utauona mji wote, na mwewe wakizunguka chini yako, ukiwatazama mgongoni, jambo ambalo mtu wa pwani haliwazii.

Banda la tatu

Kuna jambo moja ambalo nililikosea na wewe utalirithi. Mwezi wa kumi tuliletewa kinda wa bundi kutoka kwenye dari la ghala lililobomolewa, mwenye manyoya ya pamba, jicho hata halijafunguka vizuri. Nilikuwa mpweke. Nilimlisha uso wazi, nikimsemesha kama mtoto, nikampa jina, nikapiga naye picha za kutuma nyumbani. Niliambiwa nijifunike uso kwa kitambaa na kumlisha kwa koleo bila sauti, na kwa siku mbili tatu nilitii, kisha nikaacha kwa sababu alikuwa anatulia akinisikia. Kinda katika umri ule anajifunza yeye ni nani kwa kumtazama anayemlisha. Januari tulipomhamishia banda kubwa ajifunze kuwinda, panya alipita miguuni pake na yeye akaruka kuja begani kwangu. Alikuwa mzima kabisa, bawa zuri, uzito gramu 340, na hawezi kuachiwa. Bundi anayefuata watu kwenye mji unaompiga bundi mawe hamalizi wiki.

Kwa hiyo bado yupo. Watoto wa shule huletwa kumwona, na wengi hubadilika nyuso wakimwona anavyogeuza kichwa, kwa hiyo ana kazi yake. Lakini alikuwa awe juu ya mashamba ya mahindi ya mtu usiku huu.

Utamkuta banda la tatu. Panya wawili wa mtego, saa kumi na mbili jioni, ukishahakikisha ametoa kidonge cha jana. Kama hajatoa, usimlishe, mwite msimamizi. Atakuja kwenye wavu akikuona na atapiga kelele ya kuomba, kelele ndefu ya kukwaruza. Weka chakula juu ya kigogo, funga mlango, ondoka. Na kinda yeyote mwingine akiingia kituoni zamu yako, kitambaa cha kufunika uso kiko kwenye msumari, nyuma ya mlango wa stoo ya dawa.